Pemba, Ziwa Victoria, Galapagos au ngano: utumie mfano upi kueleza spishi mpya zinatokeaje?

Kila ikifika topiki ya evolusheni (viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi) fomu siksi swali ni lile lile, maalim nitumie mfano wa kwenye kitabu au kuna wa kwetu? Na si walimu tu, wako waongoza watalii wa msitu wa Ngezi kule Pemba na wa Jozani kule Unguja, wako wanafunzi wanaojiandaa na mtihani, na wako wazazi wanaoulizwa na watoto wao mbona popo wakubwa wa Pemba hawapo Tanga na kukiwa hakuna mawingu bara inaonekana ile pale. Mifano ipo mingi lakini minne ndo watu wanababaika nayo, na kila mmoja unaonyesha kipande chake tu cha habari, ndo mana ukichukua usiofaa unajikuta umemaliza vipindi viwili na darasa bado linauliza "sasa huyo mpya ametoka wapi?"

Kwanza tukubaliane tunaeleza nini. Spishi mpya inapatikana pale kundi moja la viumbe linapogawika, makundi mawili yakaacha kuzaliana, au yakizaliana basi kizazi hakiendelei. Humo ndani kuna mambo mawili tofauti na watu wanayakoroga. Moja ni kutengana kiuzazi. Inaweza kuwa bahari au mlima umekaa katikati, au wanazaa misimu tofauti, au jike hautambui mlio na rangi ya dume wa upande wa pili, au wanapandana kabisa na mtoto anazaliwa lakini tasa, kama baghala, punda ana kromosomu (nyuzi za ndani ya seli zinazobeba jeni, yani maagizo ya urithi) 62, farasi 64, baghala anabaki na 63 ambazo hazipati wenza wa kupangana nao wakati wa kutengeneza mbegu. La pili ni kubadilika, na hapo ndo unaingia uteuzi wa asili, yani mazingira yanawapa nafasi ya kuzaa zaidi wale waliobahatika kuwa na umbo au tabia inayofaa pale, na pia ipo bahati tupu, khasa kundi likiwa dogo, wachache waliofika kisiwani wana jeni zao na hizo hizo ndo zitajaa kisiwa kizima. Uteuzi bila kutengana unalibadilisha kundi lakini kundi linabaki moja. Na kutengana bila tofauti kujengeka, siku wakikutana tena wanachanganyika kama hakukutokea kitu.

Vigezo nilivyotumia

Nimeangalia vitano. Utengano unaonekana wazi, mtu akiuliza nini kiliwazuia unaweza kumuonyesha? Uteuzi umepimwa na watu walioshika wanyama kwa mikono, au tunaukisia kutokana na matokeo? Muda ni wa namna gani, maelfu, mamilioni, au msimu mmoja? Msikilizaji wako anaweza kwenda kuona kwa macho? Na cha mwisho ambacho mimi ndo nakipa uzito mkubwa, mfano unapotosha wapi, mana hakuna mfano usiokuwa na pahala unamdanganya mtu usipomtahadharisha.

Pemba

Utengano. Kwa uwazi wa ramani hakuna unaoushinda huu. Mkondo wa bahari kati ya Pemba na bara una kina cha mamia ya mita. Sasa, enzi ya barafu ya mwisho, kama miaka 20,000 iliyopita, maji ya bahari dunia nzima yalishuka kiasi cha mita 120 hivi, na Unguja ikaungana na bara kwa vile mkondo wake ni wa makumi ya mita tu, mnyama alikuwa anatembea kwa miguu yake mpaka huku. Pemba haikuungana. Kwa hiyo una visiwa viwili jirani, kimoja kimekatika juzi na kingine kimekaa peke yake dahari, na matokeo unayasoma kwenye ndege: Pemba ina spishi nne ambazo hazipo pengine popote duniani, ninga wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, chozi wa Pemba, na kile kindege cha njano chenye duara jeupe kwenye jicho. Unguja haina hata spishi moja kamili ya ndege iliyo ya peke yake.

Halafu popo. Yule wa Pemba, anaelala mchana juu ya miti pale Kidike, akinyoosha mbawa anafika mita moja na nusu, na jamii yake haipo Afrika bara kabisa. Ndugu zake wako Komoro, Madagaska, Shelisheli, mpaka huko Asia. Kwa hiyo mababu zake hawakutoka Tanga, walivuka bahari kutoka upande wa mashariki. Mafia nako kuna popo wakubwa lakini wale ni spishi ile ile ya visiwa vya Komoro na Shelisheli, wa Pemba ndo amekuwa mwengine. Darasani ukiziweka Mafia na Pemba pamoja unapata kitu kizuri sana, visiwa viwili vya mwambao mmoja, popo wa jamii moja, kimoja kimezaa spishi yake na kingine bado. Hata mpapindi, ule mti wa Ngezi wa jamii ya minazi ambao asili yake ni Pemba tu, ndugu zake wengi wako Madagaska na Komoro.

Na bundi mdogo, huyu nampenda zaidi kwa sababu unaweza kuusikia utengano wenyewe kwa masikio. Kaa pembezoni mwa Ngezi magharibi ikishaingia, au hata kwenye shamba la mikarafuu lililoachwa likaota msitu, utamsikia anatoa "hu" moja, ananyamaza, anatoa nyengine. Bundi mdogo wa bara anatoa mkwaruzo mfupi wa kukatakata. Yule wa Madagaska, ambae zamani wataalamu walimuhesabu huyu wa kwetu kuwa ni wa spishi yake, anatoa milio kadhaa mfululizo. Bundi hajifunzi mlio kwa baba yake, anazaliwa nao, na kwa mlio huo huo ndo dume na jike wanatafutana gizani, kwa hiyo mlio ukibadilika na mlango wa ndoa unakuwa umefungwa.

Uteuzi. Hapa ndo panapopwaya. Pemba inakuonyesha matokeo, haikuonyeshi kazi ikifanyika. Huna kitu kama vile vipimo vya Galapagos vya mwaka hadi mwaka, kwa hiyo ukisema ninga wa Pemba ana kichwa na kifua cha kijivujivu kwa sababu ya uteuzi fulani unakuwa unakisia, inawezekana ni bahati tu ya wale wachache waliofika mwanzo.

Muda. Mrefu, hauhesabiki kwa umri wa binadamu.

Kuona. Ni nauli ya gari la shamba, basi. Darasa zima la Wete linaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Panapopotosha. Ukivukisha mfano huu kwenda Unguja kuwa muangalifu sana, khasa na kima punju, yule kima mwekundu wa Jozani. Watu wanasema kisiwa kilimtenga akawa spishi yake, wanamaliza. Lakini Unguja imekatika na bara karibuni tu, kiasi cha miaka elfu kumi, na DNA inaonyesha ukoo wake ulishaachana na wa ndugu zake wa milima ya Udzungwa kule bara zamani kuliko hapo. Bahari ilishapanda na kushuka mara nyingi, misitu ya bara nayo ilikatikakatika, kwa hiyo kisiwa ni sehemu ya habari, si habari yote. Wale kima punju walioko Ngezi waliletwa na watu miaka ya 1970 kwa hiyo hao usiwahesabu kuwa ni ushahidi wa Pemba. Paa nunga nae, wengi wanadhani ni wa Unguja pekee, yupo pia kwenye misitu ya mwambao wa Kenya. Na chui wa Unguja aliwahi kupewa jina lake la peke yake mwaka 1932 kwa vile alikuwa mdogo na madoa yake ni tofauti, lakini siku hizi wataalamu wamemrudisha pamoja na chui wengine wa Afrika. Mimi hii ya chui siioni kuwa hasara, ni mfano mzuri wa kundi lililoanza kutofautiana lakini muda haukutosha.

Pia kuna swali ambalo mwanafunzi mwenye akili atakuuliza tu: hawa wa Pemba na wa bara hawakutani, sasa tunajuaje kama wangekutana wasingezaliana? Jibu ni kwamba kwa viumbe waliotenganishwa na bahari hatuwezi kulijaribu hilo moja kwa moja, tunategemea umbo, mlio na DNA. Mwambie hivyo hivyo.

Unamfaa nani. Anaeanza kabisa, mtoto wa darasa la saba mpaka fomu foo, mgeni wa Ngezi, na yeyote anaedhani evolusheni ni mambo ya nchi za mbali. Nimeona pia kwamba wanafunzi wanaoingia topiki hii na wasiwasi wa kidini wanatulia zaidi ukianza na ndege na popo wanaowajua, wanasikiliza hoja yenyewe kwanza.

Furu wa Ziwa Victoria

Utengano. Hawa samaki wadogo wa ziwani ni maajabu kwa sababu hakuna bahari wala mlima katikati. Samaki wawili wako kwenye miamba ile ile ya Mwanza, mmoja dume lake ni la bluu na anakaa juu kwenye maji mafupi, mwengine dume ni jekundu, anakaa chini zaidi, na huyu mwekundu kapewa jina la kisayansi la Nyerere, Pundamilia nyererei. Kinachowatenga ni jicho la jike. Maji ya ziwa yana uchafuchafu, mwanga wa bluu unapotea haraka, chini kunabaki mwanga wa kuelekea wekundu, kwa hiyo samaki wa chini wamepata jeni ya jicho inayoona vizuri upande wa wekundu, na jike anaeona wekundu vizuri anamchagua dume jekundu. Watafiti waliwaweka majike kwenye matangi, wakabadilisha taa mpaka rangi zisitofautike, na majike wakashindwa kuchagua, wakawa wanakubali madume ya aina zote mbili.

Uteuzi. Umepimwa, kwenye jicho, kwenye jeni, kwenye kina cha maji, na ushahidi mkuu ulitoka mwaka 2008. Kitu ambacho hukipati Pemba ni kwamba uteuzi na utengano hapa ni kitu kimoja, jicho linalomsaidia samaki kuona chini ya maji ndo jicho linalomchagulia mume.

Muda. Hapa watu wanashika vichwa. Ziwa lilikauka na likajaa tena kiasi cha miaka 15,000 iliyopita, na toka hapo zimetokea spishi kama 500 za furu. Mwaka 2017 watafiti wakaeleza sehemu ya siri yake, mababu wa furu hawa walikuwa machotara wa koo mbili za samaki zilizoachana zamani, kwa hiyo walianza na akiba kubwa ya jeni tofauti, uteuzi ukapata cha kuchagulia.

Kuona. Si rahisi kwa mtu wa visiwani, ni safari ya Mwanza, na wengi hawapo tena. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, miaka ya 1980 akazidi kupita kiasi, furu wa spishi nyingi sana wakaangamia. Video zipo lakini.

Panapopotosha. Mwanafunzi anaondoka anadhani spishi ikishatokea basi imetokea. Furu wanasema kinyume chake, pale maji yanapochafuka na tope na mbolea za mashambani mwanga unafifia, majike hawaoni rangi, bluu na nyekundu wanachanganyika wanakuwa kundi moja tena. Hilo lilishaandikwa toka mwaka 1997. Kwangu mimi hii ni nguvu ya mfano, ila kwa anaeanza inamvuruga.

Unamfaa nani. Mwanafunzi wa fomu siksi na chuo anaetaka kuelewa utengano bila ukuta, na yeyote anaefundisha mazingira pamoja na biolojia. Lakini kama darasa bado halijashika ule utengano wa kawaida wa kisiwa usianze hapa, utawapoteza.

Finchi wa Galapagos

Utengano. Finchi ni ndege wadogo, na hapa ni visiwa tena, karibu kilomita 1,000 kutoka Ekuado, na humo ndani visiwa vingi vidogo. Darwin, yule aliyeeleza uteuzi wa asili, alifika mwaka 1835. Mdomo wa ndege na wimbo wake ndo mlango, dume anajifunza wimbo kwa baba yake, jike anachagua kwa wimbo na kwa sura ya mdomo.

Uteuzi. Hapa ndo kwenyewe. Watafiti Peter na Rosemary Grant walianza mwaka 1973 kwenye kisiwa kidogo cha Daphne Major, wakawa wanawatia ndege pete mguuni, wanapima midomo kwa milimita, mwaka baada ya mwaka kwa miaka arobaini. Mwaka 1977 mvua ikakosekana. Mbegu ndogo laini zikaliwa zikaisha, zikabaki kubwa ngumu zenye miba, ndege mwenye mdomo mwembamba hawezi kuzipasua, sehemu kubwa ya finchi wa kati (spishi ya finchi wenye umbo la kati) wakafa, waliobaki wengi ni wenye midomo minene, na watoto waliozaliwa baada ya pale midomo yao kwa wastani ikawa minene zaidi kuliko ya kizazi cha kabla ya ukame. Kisha mwaka 1983 ikaja El Niño, mvua kubwa, mbegu ndogo zikajaa kisiwa, na miaka iliyofuata mambo yakageuka, wadogo wakanufaika. Hakuna pahala pengine ambapo unaweza kumuonyesha mwanafunzi uteuzi wa asili ukigeuza usukani mbele ya macho ya watu waliokuwa na rula mkononi.

Na kuna zaidi. Mwaka 1981 lilifika Daphne dume kubwa geni kutoka kisiwa cha Española, umbali wa zaidi ya kilomita 100. Likaoa majike ya pale. Wimbo wake ulikuwa mwengine, mdomo wake mwengine, watoto wakarithi, na wenyeji hawakuwataka, kwa hiyo ndani ya vizazi vichache wale watoto wakawa wanaoana wenyewe kwa wenyewe tu, ukoo mpya uliojitenga, na waliangaliwa toka siku ya kwanza.

Muda. Una vyote viwili, mamilioni ya miaka kwa jamii nzima na miaka michache kwa tukio moja.

Kuona. Hapana, kwa wengi wetu ni picha tu.

Panapopotosha. Ule mwaka wa 1977 peke yake haukutoa spishi mpya. Finchi wa kati walibaki kuwa finchi wa kati, midomo ikaenda ikarudi. Nimesahihisha majibu mengi sana yanayosema ukame ukaleta spishi, na hiyo ni kosa, ukame umeleta mabadiliko ndani ya spishi. Ukitaka spishi mpya tumia lile dume la 1981, na hata hapo sema ni ukoo uliotengana kiuzazi, usiende mbele zaidi.

Unamfaa nani. Anaetaka takwimu, anaependa grafu, na mwenye mtihani mbele yake, kwa sababu wasahihishaji wanaujua.

Ngano

Huu naupitia haraka kwa vile mambo yake ni machache, si kwa kuudharau. Utengano wake unatokea kwa hesabu ya kromosomu. Ngano ya zamani yenye kromosomu 28 ilichanganyika na nyasi ya porini yenye 14, moja inatoa nusu yake 14 na nyengine 7, chotara anapata 21 na kwa kawaida angekuwa tasa kama baghala, lakini kromosomu zikajirudia mara mbili zikawa 42, kila moja ikapata mwenzake, na hiyo ndo ngano ya mkate na chapati. Haizaliani vizuri na wazazi wake. Uteuzi unaingia baadae, na hapa ni mikono ya wakulima zaidi kuliko asili. Muda ni kizazi kimoja au viwili, na si hadithi ya kale tu, Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 maua fulani ya porini yaliyotoka Ulaya yalichanganyika kwa njia hii hii na spishi mbili mpya zikatajwa rasmi mwaka 1950. Kuona, unga uko dukani. Panapopotosha ni kwamba mwanafunzi anaweza kudhani wanyama nao wanafanya hivi kila siku, kwa wanyama ni nadra. Unamfaa mwanafunzi wa kilimo, na mtu anaesisitiza kwamba hakuna spishi iliyowahi kuonekana ikitokea.

Sasa uchague vipi

Kama wasikilizaji wako ni watoto au wageni na una nusu saa, chukua Pemba peke yake, ramani, kina cha bahari, popo wa Mafia na wa Pemba, na mlio wa bundi kwenye simu. Usiguse uteuzi kwa undani, sema tu kwamba waliotengana wanabadilika kila mmoja kivyake.

Kama ni fomu siksi na swali linasema "eleza uteuzi wa asili", nenda Daphne 1977 na 1983, na uandike kwa maneno yako kwamba ni mabadiliko ndani ya spishi. Swali likisema "eleza jinsi spishi zinavyotokea kwa kutenganishwa na eneo", hapo Pemba inajibu vizuri kuliko kitu chochote, na msahihishaji akikutana na mkondo wa bahari na mita 120 za maji kushuka atajua huyu kaelewa, hajakariri. Swali la kutokea spishi pahala pamoja bila kizuizi, kwa mimea ni ngano, kwa wanyama ni furu, ila kwa furu utaje kwamba kina cha maji kinatofautiana kidogo na kwamba asili yao ni machotara, mana wapo wanaobishana kama hapo ni pamoja kabisa au la.

Kama wewe ni muongoza watalii Jozani, usimtumie kima punju kama mfano wa kisiwa kutengeneza spishi. Mtumie kueleza kwamba spishi inaweza kuwa ya zamani kuliko kisiwa inachoishi, na hapo hapo mtaje chui, wageni wanapenda sana habari zake.

Na maalim mwenye vipindi viwili vya dakika arobaini, mimi ningechanganya. Kipindi cha kwanza Pemba kwa ajili ya kutengana, dakika kumi za mwisho baghala ili waone namna nyengine ya kutengana. Kipindi cha pili Daphne kwa ajili ya uteuzi, wape vipimo vya midomo wachore grafu wenyewe, halafu umalizie na lile dume la 1981. Furu na ngano wape kama kazi ya nyumbani, kundi moja moja, na swali la kujibu liwe moja tu kwa wote: hapa kilichowatenga ni nini, na tunakijuaje?